Tangazo la dharura lililonyamaza baada ya dakika nne: kisa cha simu za intaneti katika hospitali moja

Hospitali ninayoizungumzia ni ya wilaya, Tanzania bara. Ina majengo mawili makubwa yaliyounganishwa kwa faiba, na ng'ambo ya barabara kuna nyumba za watumishi zinazopata mtandao kwa redio mbili zinazotazamana juu ya mapaa. Simu za mezani ni 40 hivi, zote za intaneti, zinaendeshwa na Asterisk iliyomo kwenye kompyuta ya kawaida katika chumba cha TEHAMA. Asterisk ni programu huria iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999. Haidai leseni kwa kila simu, na kwa hospitali inayohesabu hata glovu hilo si jambo dogo. Simu zilikuwa zikipiga na kupokea vizuri. Kilichokosekana ni njia ya mtu mmoja kuwafikia wengi kwa mpigo.

Mganga mfawidhi aliomba vitu vitatu. Kwanza, muuguzi wa wodi ya wazazi akiona mama anatokwa damu nyingi baada ya kujifungua, abonyeze kitufe kimoja na sauti yake isikike palepale chumba cha upasuaji, maabara wanakotunza damu, na chumba cha madaktari wa zamu. Pili, kuwe na tangazo la kawaida kwa watumishi wote. Tatu, kikao cha asubuhi cha kupitia wagonjwa kiweze kuwaingiza matabibu wa zahanati mbili za pembezoni na daktari bingwa aliyeko mkoani, wote kwa simu za mkononi.

Ukiyasikia maombi haya kwa haraka utadhani ni kitu kimoja: watu wengi, sauti moja. Lakini peji, yaani tangazo la sauti kutoka simu moja kwenda nyingi, na mkutano wa simu havivunjikii mahali pamoja. Peji huvunjikia kwenye mtandao wa ndani, ndani ya swichi, vifaa vinavyounganisha kebo za mtandao, zisizotazamwa na mtu. Mkutano huvunjikia mlangoni, pale mtu wa nje anapojaribu kuingia. Fundi anayetafuta hitilafu zote mbili ndani ya seva, ile kompyuta yenye Asterisk, atakesha bure, na nimeandika kisa hiki kwa kirefu ili mwingine asikeshe.

Tuanze na peji ya kawaida. Katika Asterisk kuna programu inayoitwa Page. Unaipa orodha ya namba za ndani, inazipigia zote kwa wakati mmoja, kisha inawaingiza wote kwenye chumba cha mkutano ambamo anayeongea ni mpigaji peke yake. Yaani peji ya namna hii ni mkutano ambao wengine wote wamezimiwa maikrofoni. Ili simu ijipokee yenyewe bila mtu kuinua mkono wa simu, ujumbe wa SIP (lugha ambayo simu za intaneti huanzishia miito) unaopeleka mwito lazima ubebe kichwa maalumu, yaani mstari wa maelekezo. Hapa ndipo mkanganyiko wa kwanza ulipojitokeza. Hospitali ilikuwa na simu za aina mbili, za zamani na zingine za msaada. Aina moja inasoma kichwa cha Call-Info chenye answer-after=0, nyingine inasoma Alert-Info chenye info=alert-autoanswer. Ukiweka kimoja tu, nusu ya simu zinafunguka na nusu zinabaki zinaita kama kawaida. Dawa ni kutuma vichwa vyote viwili kwa kila simu, maana simu hupuuza kile isichokijua. Pia baadhi ya simu zina mpangilio wa kukubali au kukataa kujipokea, na ulikuwa umezimwa tangu kiwandani.

Baada ya hapo zote zilifunguka, ila si kwa pamoja. Seva ilikuwa ikituma mialiko 40 na kusubiri majibu 40, na simu za mwisho kwenye orodha zilichelewa. Muuguzi akisema "Dharura, wodi ya wazazi," maabara walisikia "wazazi" tu. Wengine hudhani njia imejaa, lakini hesabu haisemi hivyo. Sauti ya kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 hutumia kilobiti 64 kwa sekunde, na ukijumlisha vichwa vya pakiti, vile vifurushi vidogo vya data, inafika kama 87 kwenye kebo. Simu 40 ni megabiti tatu na nusu, na kebo ya megabiti 100 haishtuki kwa mzigo huo. Kinachochelewesha ni salamu, kila simu kusalimiwa na kuitika kabla ya sauti kupita. Tena simu iliyo katikati ya mazungumzo haikupokea peji kabisa, ililia mlio wa mwito wa pili tu. Kwa tangazo la kikao hilo linavumilika, ila kwa mama anayetokwa damu halivumiliki.

Kwa hiyo tangazo la dharura likahamishiwa kwenye multikasti. Hapa seva haimpigii mtu. Inarusha mkondo mmoja wa sauti kwenye anwani ya kundi, na kila simu iliyoagizwa kusikiliza anwani hiyo inaudaka na kuutoa kwenye spika. Hakuna mwaliko wala jibu. Simu zote zinaanza kutoa sauti karibu kwa wakati mmoja, na zinakuruhusu kupanga vipaumbele: kundi la dharura likiwa juu ya orodha linakata hata mazungumzo yanayoendelea. Kwa chumba cha upasuaji ambako mikono imeshavaa glovu safi na hakuna anayeweza kugusa simu, nadhani hakuna njia bora kuliko hii.

Kuhusu anwani, tahadhari moja ambayo miongozo mingi inairuka. Anwani za 239 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya taasisi, kwa hiyo ndizo za kuchagua. Lakini usichukue 239.0.0.1 na jirani zake kwa kuwa ni rahisi kukumbuka. Anwani ya kundi inapogeuzwa kuwa anwani ya MAC, ile inayotumiwa na swichi, biti 5 hupotea, hivyo anwani 32 tofauti huangukia kwenye MAC moja. Hiyo 239.0.0.1 inaangukia pamoja na 224.0.0.1, ambayo swichi humwaga kwenye kila mlango bila kuuliza. Tulichukua 239.20.1.10 kwa dharura na 239.20.1.20 kwa matangazo ya kawaida.

Siku ya majaribio, simu za jengo la kwanza zilitoa sauti safi kabisa. Jengo la pili lilikuwa kimya. Zile za jengo la kwanza nazo, zilipojaribiwa tena baada ya chai, zote zikawa bubu. Ukizima simu na kuiwasha, inasikia. Ukiiacha kidogo, haisikii tena. Muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi alisimama na mimi mezani kwake tukiitazama ile simu iliyokuwa imezungumza asubuhi.

"Fundi, hii simu imechoka?"

"Hapana, Sista. Hii simu haijaletewa sauti."

Jibu hilo lilitokana na kipimo. Nilipanga swichi inakili mlango wa seva kwenda kwenye kompyuta yangu, nikafungua Wireshark, programu ya kutazama pakiti zinazopita. Pakiti zilikuwa zinatoka kwenye seva kama kawaida, 50 kwa kila sekunde. Nikahamishia nakala kwenye mlango wa simu ile ya wodini: hakuna pakiti hata moja. Seva ilisema na simu ilikuwa tayari kusikia. Aliyemeza maneno alikuwa katikati yao.

Swichi nyingi za kisasa zina kazi iitwayo IGMP snooping. Simu inapowaka hutangaza kwamba inataka kundi fulani. Swichi inadokoa tangazo hilo, inaandika kwenye jedwali lake kwamba mlango ule una msikilizaji, na kuanzia hapo inapeleka mkondo kwenye milango iliyoandikwa tu. Ni utaratibu mzuri. Lakini lile jina haliandikwi milele. Linahitaji kuhuishwa, na simu haihuishi mpaka iulizwe. Anayetakiwa kuuliza huitwa kweria, na kwa kawaida ni ruta inayojua multikasti; huuliza kila baada ya sekunde 125. Kama hayupo, jina linafutwa baada ya sekunde 260, dakika nne na ushee. Katika mtandao huu hakukuwa na kweria hata mmoja. Ruta ilikuwa ya kutolea intaneti tu, swichi zilikuja na snooping imewashwa, na zilikuwa zimepangwa kutupa mkondo wowote usio na msikilizaji anayejulikana.

Jengo la pili lilikuwa na mkosi wa ziada uliotokana na chanzo hichohicho. Swichi yake ilidokoa matangazo ya simu zake, lakini swichi hupeleka matangazo hayo upande aliko kweria pekee. Kwa kuwa hakuwepo, swichi kuu haikuwahi kujua kwamba ng'ambo ya faiba kuna mtu anayesubiri sauti.

Nilifungua jedwali la makundi kwenye swichi kuu, nikawasha simu moja upya, nikatazama. Jina likaingia, na pembeni yake saa ikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Ilipofika sifuri mstari ukafutika, na palepale spika ikakata. Baadaye niliwasha kweria kwenye swichi kuu, ndani ya VLAN (sehemu ya mtandao iliyotengwa) ya simu, na kwenye swichi ya jengo la pili kama akiba. Wakiwa wawili, mwenye anwani ndogo ndiye anayeshika kazi. Saa ya jedwali ikawa inarudishwa juu kila baada ya dakika mbili hivi, na majengo yote mawili yakasikia hadi jioni.

Kuna wanaotatua tatizo hili kwa kuzima snooping kabisa. Inafanya kazi, sikatai. Lakini mkondo unamwagika kwenye kila mlango wa VLAN, na ukifika kwenye redio au kifaa cha Wi-Fi unarushwa kwa kasi ndogo bila kuthibitishiwa kupokelewa, na kila mtumiaji wa pale anaumia. Kwa sababu hiyohiyo nyumba za watumishi na simu za programu zilizomo kwenye simu za mkononi za madaktari hazikuwekwa kwenye multikasti. Zinafikiwa kwa Page ya kawaida, ya simu kwa simu. Zikichelewa sekunde moja au mbili, daktari aliyelala nyumbani hapungukiwi kitu.

Multikasti ina kasoro moja ambayo hakuna mpangilio wa kuiondoa: haijui nani amesikia. Sauti imerushwa, basi. Muuguzi anabaki ameshika mkono wa simu bila kujua kama maabara kuna mtu. Hapo ndipo mkutano wa simu ulipoingia kusaidia peji. Muuguzi anabonyeza kitufe chake. Seva inatambua mwito umetoka simu gani na inatanguliza mlio pamoja na sauti iliyorekodiwa: "Dharura, wodi ya wazazi." Mahali panatajwa na mashine kwa sababu mtu aliye kwenye taharuki husahau kupataja. Kisha muuguzi anapewa sekunde 10 za kusema analotaka, peji inafungwa, na mwito wake unahamia wenyewe kwenye chumba cha mkutano namba 8500. Kwa sehemu hii tulitumia Dial badala ya Page, kwa kuwa Dial hukubali kikomo cha muda na kuendelea na hatua inayofuata. Aliye maabara anabonyeza kitufe kilichoandikwa DHARURA, anaingia 8500 na kusema, "Maabara, nipo." Chumba hiki hakina namba ya siri na hakifikiki kutoka nje. Katika mpangilio mzima wa hospitali ile, hiki ndicho ninachokithamini kuliko vyote.

Uamuzi wa nani asikie nini ulichukua muda mrefu kuliko waya. Mwanzoni wazo lilikuwa kila simu isikie kila kitu. Lakini simu ya mapokezi iko mbele ya benchi la wagonjwa na ndugu zao, na jina la mama pamoja na hali yake haviwezi kutangazwa pale. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na hata bila sheria mtu ana haki ya kutotangazwa. Simu za mapokezi, dirisha la dawa na korido zikaondolewa kwenye kundi la dharura, na wauguzi wakakubaliana kutaja mahali na aina ya dharura bila jina. Nilikataa pia peji ya pande mbili. Simu inayojifungua na kuwasha maikrofoni yake ni kifaa cha kusikiliza mazungumzo ya chumba bila wenyewe kujua. Peji zote zikabaki za upande mmoja, na namba zinazoruhusiwa kupiga nyota 71, namba ya peji ya dharura, zikaorodheshwa moja moja. Faida nyingine ni kwamba simu mbili za meza moja hazipigi mluzi.

Sasa mkutano wa asubuhi. Katika Asterisk za leo kazi hii inafanywa na ConfBridge. Tulifungua chumba 8600 chenye namba ya siri, kinachowasubirisha wote kwa muziki mpaka mwenyekiti aingie. Upo mpangilio wa kuwatoa watu wote mwenyekiti anapotoka. Kwenye mazingira ya laini kukatika nilishauri usiwashwe: daktari bingwa anaeleza dozi, simu ya mwenyekiti inakatika, na kikao kizima kinajikuta nje. Vivyo hivyo na utambulisho wa kila anayeingia kwa jina lake la kurekodi. Kwa watu watatu unapendeza. Kwa watu kumi na tano wanaochelewa kwa zamu unaua kikao. Ukabaki mlio mfupi.

Hitilafu ilikuja kutoka nje. Watu wa zahanati walipiga, wakaombwa namba ya siri, wakaiandika sawasawa, na mfumo ukawakatalia. Kwa simu za ndani namba ileile ilikubalika. Kumbukumbu za seva zilionyesha kila tarakimu ikiingia mara mbili: 4 ikawa 44, 7 ikawa 77. Tarakimu zinazobonyezwa wakati wa maongezi zinaweza kusafiri kama mlio ndani ya sauti, au kama tukio la pembeni kwa utaratibu wa RFC 4733. Laini ya SIP ya kampuni ya simu ilikuwa inaleta vyote viwili, na seva, iliyokuwa imeachwa ichague yenyewe, ilivihesabu vyote. Tulifunga dtmf_mode, mpangilio wa namna tarakimu zinavyopokelewa, ya laini ile kuwa rfc4733, na milango ikafunguka.

Upande wa maelekezo ya sauti, kila kitu kilikuwa Kiingereza. Tabibu wa zahanati anaelewa Kiingereza, lakini asubuhi mtandao ukisuasua sauti ngeni inapotea haraka. Muuguzi mmoja mwenye sauti tulivu alirekodi maelekezo kwa Kiswahili: "Tafadhali weka namba yako ya siri, kisha bonyeza reli." "Uko peke yako kwenye kikao, tafadhali subiri." Mafaili ya wav, kilohezi 8, mono, yakawekwa kwenye folda ya lugha, na laini ya nje ikaelekezwa huko. Ni kazi ndogo, na watu waliifurahia kuliko vingine vyote.

Laini ya nje ilikuwa na njia 10. Kikao chenye watu sita wa nje kinachukua sita, na mgonjwa anayepigia hospitali asubuhi anakuta imejaa. Kwa hiyo chumba 8600 kikawekewa kikomo cha watano kutoka nje. Nani alipe ni swali la pili. Matabibu wa zahanati walikuwa wakitumia vocha zao. Hospitali ikakubali seva iwapigie wao saa mbili kasoro dakika tano, ili gharama ibaki kwa hospitali. Anayepokea anabonyeza 1 ndipo anaingia. Bila hatua hiyo, ujumbe wa "namba unayopiga haipatikani" unaingizwa kikaoni kama mjumbe.

Kelele nazo zina tabia zake. Anayepiga akiwa kwenye bajaji anasaidiwa kidogo na mpangilio wa kutopitisha ukimya na mvumo, lakini dawa kamili ni mwenyekiti kuwa na uwezo wa kumnyamazisha. Mbaya zaidi ni mtu wa ndani anayeweka mkutano pembeni ili apokee simu nyingine: muziki wa kusubiri unawapigia wajumbe wote. Kwenye simu za wajumbe wa kikao tuliondoa kitufe cha kusubirisha na tukaacha cha kunyamaza.

Umeme tuliupima mwisho. Seva ilikuwa na UPS, betri ya akiba, lakini swichi zinazolisha simu kwa kebo hazikuwa nayo, hivyo umeme ukikatika seva ilibaki macho ikiongea na simu zilizozimika. Jenereta huchukua muda kushika, na simu huchukua muda mwingine kuwaka. Betri sasa zipo kwenye kila swichi ya njia ya dharura, kuanzia ile yenye kweria.

Nyumba za watumishi bado ziko kwenye Page ya kawaida na zitaendelea hivyo mpaka faiba ivuke barabara. Kila Jumatatu, kabla ya kikao, wodi ya wazazi inapiga nyota 71 ya majaribio na kila kituo kinaingia 8500 kujitaja. Jaribio hilo halifanywi mara tu baada ya simu kuwashwa, kwa sababu ndani ya dakika nne za kwanza hata mtandao usio na kweria huweza kusikika mzima. Kituo kisichojitaja kinaandikwa kwenye daftari la zamu, na kijana wa TEHAMA anaanza kwa kufungua jedwali la makundi kwenye swichi kabla hajaigusa simu.